Kilichotoka na Kilichofika

Ukiingia kwake na bahasha mkononi, Mwenyekiti alikutazama kama umemletea samaki aliyechina. "Iweke pale juu ya friji," alisema, "kwanza tuamkiane." Na ole wako uanze kuifungua! Kina mama wa mtaa wa Lozells, huku kwa Waingereza, tuliokuwa tunalea peke yetu, karibu sote tuliwahi kusimama katika sebule ile, koti bado mwilini, mvua inatutiririka, tumeshika barua ya ile ofisi ya serikali inayokusanya matunzo ya watoto kutoka kwa baba zao. Tumekuja tayari kwa kulia au kwa kupigana, na yeye anauliza mtoto anaendeleaje shuleni na kama nyumbani tumeacha kitu jikoni. Nilikuwa nakereka, wallahi. Leo nikikumbuka nabaki kushangaa tu, maana ukimaliza kuamkiana naye hasira yenyewe unaitafuta huioni.

Jina la Mwenyekiti lilitokana na kikundi chetu cha upatu. Kikundi kilikufa siku nyingi kwa ugomvi wa kina fulani, lakini cheo kikabaki mwilini mwake, hata yule Mpakistani wa duka la pembeni alimwita hivyo akidhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mnene wa haja, sauti nzito, mwenye kuvaa koti la kiume juu ya buibui kwa sababu, alisema, makoti ya kike ya nchi hii yametengenezwa kwa watu wasiosikia baridi. Hakuwa wakili na hakuajiriwa na mtu. Alikuwa akiweka hesabu katika kampuni moja ya vipuri kule Tyseley mpaka miguu ikamkataa, na Kiingereza chake kilikuwa kilekile cha shule za zamani, kila neno limenyooshwa pasi.

Usidhani alikuwa malaika. Sisi alituambia tuwe na subira, tusiwatukane waume zetu wa zamani, hasa mbele ya watoto. Ndani ya nyumba yake ukisema "yule mbwa" alikunyooshea mlango. Lakini yeye mwenyewe na jirani yake wa ukuta mmoja walikuwa hawasemezani kwa ajili ya pipa la taka, na walikuwa wamesahau hata nani alianza. Siku ya mieleka kwenye televisheni usimguse. Alipiga kelele, alipiga mapaja, alimwita refa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kuhusu wakati ndiyo usiseme. Sisi tukichelewa kidogo tulisomewa risala. Yeye akikwambia "nakuja sasa hivi," nenda kapike, ule, uoshe vyombo, bado hajafika.

Hakutaka kulipwa. Alitaka vitunguu. Ndiyo, vitunguu maji, na viwe vikubwa, ukimletea vidogo alivigeuza geuza kiganjani akakuuliza kama umevichuma kabla havijazaliwa. Sababu ya vitunguu ilikuwa simu. Kupiga simu kwa ile ofisi kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Unabonyeza namba, unawekewa muziki, unangoja. Mwenyekiti aliifungua simu sauti yote, akaiweka juu ya meza, akatugawia visu. Muziki unalia, sisi tunamenya, machozi yanatutoka, na mambo yetu yote yanasemwa pale mezani. Mtu akipokea upande wa pili anakuta sebule nzima imenyamaza ghafla, na Mwenyekiti anamtakia habari za asubuhi na kumuuliza jina lake kwa heshima zote. Hakuna aliyewahi kumjibu vibaya. Siku nyingine pilau ilikuwa imeshaiva ndipo tukapokelewa, basi tukala, tukapiga tena kesho yake.

Sasa nieleze alivyokuwa anasoma zile karatasi, maana hapo ndipo nilipokuwa navua kofia, kama ningekuwa na kofia.

Alikuwa na doti ya kanga ambayo haijakatwa, vile vipande viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Aliitandika sakafuni, akapanga viti pembeni. "Upande huu," alisema, "ni kilichotoka mkononi mwake. Upande ule ni kilichofika mkononi mwako. Na hapa katikati, pa kukatia, ndiyo njiani." Kila karatasi ilibidi ipate mahali. Barua ya makadirio, ile inayosema baba anatakiwa alipe kiasi fulani kwa juma, wengi wetu tuliipokea kwa vigelegele tukidhani ndiyo pesa yenyewe. Mwenyekiti hakuiweka kwenye kanga hata kidogo. Aliikunja akaikalia. "Hii bado ni dua," alisema. "Twende kwenye pesa."

Taarifa ya malipo aliisoma kwa kidole, tarehe moja baada ya nyingine, na alitukataza kuita mtu mwizi kabla kidole hakijafika chini. Baba akikatwa kwenye mshahara, mwajiri anamkata mwisho wa mwezi, anazipeleka ofisini mwezi unaofuata, na ofisi nayo inakuletea ikishajipanga. "Basi pesa ya Machi usiitafute Machi," alitwambia. Kuna mwenzetu alikuja anaapa kwamba mumewe kazuia pesa za mwezi mzima makusudi, mwezi wa Ramadhani mtukufu. Mwezi wenyewe ukaonekana umelala pale katikati ya kanga, umetoka, haujafika. Ulifika juma lililofuata, na mwenzetu akaja na vitunguu vikubwa kuliko desturi.

Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, yeye alikuja na shida ngumu zaidi. Mumewe alikuwa anatangaza kanisani kwamba analipa, naye anaapa kwamba haoni kitu, na kanisa limegawanyika pande mbili. "Ule bwana anasemaka analipa, lakini miye sionaka kitu! Mon Dieu, mutoto anakulaka nini?" Mwenyekiti akapanga karatasi zake, akazitazama, kisha akamuuliza swali moja: unaishi kwa msaada wa serikali? Ndiyo. Akamwonesha. Kwa sheria ya siku zile, aliye kwenye msaada, pesa ya baba ilipita serikalini kwanza, ikafidia ule msaada, mama akabakiwa na kidogo au asibakiwe na kitu. Upande wa baba kanga imejaa, upande wa mama tupu. "Hakuna mwongo hapa," alisema Mwenyekiti. "Yeye katoa kweli, na wewe hujapata kweli." Mama Neema alikaa akitazama ile kanga kwa muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba basi amemwombea mume wake mabaya bure. Jumapili iliyofuata, tuliambiwa, alimsalimia mbele ya watu wote.

Mimi nilikuwa nayaona haya yote na kuyastaajabia, lakini nayaona kama mtazamaji. Zamu yangu ilipofika, jamani, ule mshangao wangu ulikwisha wote.

Nilikuwa na binti, Saida. Tulikaa chumba cha nyuma cha nyumba moja ya safu, ukuta mmoja unatoka ukungu mweusi, unaufuta leo, kesho umerudi. Saida alikuwa na pumu. Usiku nilikuwa nasikiliza kifua chake. Daktari alisema hameni, kama vile nyumba zinaokotwa. Nilikuwa nimepata kazi ya jikoni katika shule, sikuwa tena kwenye msaada, na nilikuwa nimepata chumba kikavu kule Kings Heath. Kilichokosekana ni amana ya kumwekea mwenye nyumba.

Ndipo ikaja barua. Baba Saida alikuwa anakatwa kwenye mshahara na zinafika vizuri, sina neno. Lakini tangu ofisi ilipofungua faili mpaka alipoanza kukatwa palikuwa na kipindi, karibu mwaka mzima, ambacho kwenye taarifa hakuna kitu. Ofisi ilimdai malimbikizo. Yeye akawaambia alilipa kwa mkono. Sasa wananiuliza mimi: ni kweli ulipokea? Nikisema ndiyo, deni linafutwa. Nikisema hapana, atakatwa, na mimi nitaletewa. Nikapiga hesabu haraka. Ilikuwa amana ya Kings Heath na chenji juu yake.

Na sikuwa nimepokea. Hata peni moja. Nilikimbia kwa Mwenyekiti karibu nacheka. "Nijazie, niseme hapana," nilimwambia, bado niko mlangoni.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akasema.

Tukaamkiana. Akapanga karatasi. Mahali pa kipindi kile palibaki peupe pande zote mbili, yale maua ya kanga yanatutazama. Mara akaniuliza, baba Saida mtu wa wapi? Mtu wa Pemba. Anazungumza na wewe? Tangu talaka, salamu tu, tena kupitia mtoto. Akija kumchukua mtoto anaingia ndani? Haingii, anaona haya, anamkuta kwa kaka yangu.

"Kwa kaka yako," akasema. "Haya. Jumamosi waje wote wawili."

Jumamosi ile sitaisahau. Baba Saida alikuja na nguo za kazini bado, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha taka, akakaa ukingoni mwa kiti asikichafue. Kaka yangu alikuja amepiga manukato. Walisalimiana vizuri, shemeji hujambo, shemeji sijambo. Mwenyekiti aligawa chai. Halafu akamuuliza baba Saida, polepole kabisa, "Baba, hizi ulizotoa kwa mkono, mkono wako ulizitia kwenye mkono gani?"

Baba Saida akatazama zulia. "Nilitoa," akasema.

"Sikatai. Ulimpa nani?"

"Nilitoa, mama. Kama hawaniamini, basi nitalipa tena."

Kaelewa mtu hapo? Mtu yuko tayari kulipa mara mbili, na jina hataji! Mimi nikataka kuruka. Mwenyekiti akanitazama mara moja tu, nikakaa. Yeye, mwanamke wa kelele zote zile, alinyamaza. Alikunywa chai yake. Akaweka kiganja chake pale peupe kwenye kanga, akakiacha hapo, wala hakumtazama mtu yeyote. Nje basi lilipita, vikombe vikatetemeka kidogo.

"Mimi," kaka akasema. "Alikuwa ananipa mimi."

Kaka akageuka kwangu, anasema haraka haraka. Kila mwisho wa mwezi shemeji alikuwa anamtilia kitu mkononi. "Anasema, shemeji, pokea hiki. Basi. Hasemi cha nini! Mimi nikadhani anataka umrudie, ananilainisha nimsemee. Nikaona haya kumuuliza. Nikazipeleka kwa mama, Tanga. Ndiyo yale mabati ya paa lake."

Mabati! Nilikuwa na picha ya yale mabati. Nilikuwa nimeionesha kazini, nimejisifia kaka.

Mwenyekiti akamgeukia baba Saida. "Na wewe mbona hukusema ni za mtoto?"

Akajibu bila kuinua macho. "Nitamwambiaje shemeji yangu habari za pesa, mama? Kwetu mke ukishamwacha, kinachomhusu unampa kaka yake. Nilijua anajua."

Sijui nilitaka kumpiga nani kwanza. Mmoja anaona haya kusema, mwingine anaona haya kuuliza, na mwanangu kifua kinapiga filimbi. Nikamwambia Mwenyekiti, mbele yao, "Sasa? Mimi kwangu hazikufika. Nikisema hapana si kweli?"

"Ni kweli," akasema. "Kwako hazikufika."

"Na yeye akisema alilipa?"

"Ni kweli. Kwake zilitoka."

"Basi niandike nini?"

Akaanza kuikunja kanga, taratibu, kona kwa kona. "Mimi nasoma karatasi, mwanangu. Jibu ni lako." Na hakusema neno jingine, hata nilipomsihi mlangoni. Nilitoka nimemchukia kabisa.

Usiku ule nilimsikiliza Saida anavyohema. Asubuhi niliandika kwamba nilipokea. Niliandika kwa hasira, kalamu karibu itoboe karatasi, nikaituma kabla sijabadili mawazo, na nilipofika jikoni shuleni nikalia ndani ya chumba cha baridi kati ya magunia ya njegere. Chumba cha Kings Heath akapewa mwingine. Kaka alininunulia mashine ya kukausha hewa, ya mitumba, inayonguruma usiku kucha, na akawa ananilipa kidogo kidogo kwa uso uliokunjamana. Baba Saida akasikia nilichoandika. Jumamosi alikuja na dawa ya ukungu na rangi, akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akaukwangua ule ukuta kutwa nzima akiwa amejifunga kitambaa puani. Ulirudi ukungu, akaukwangua tena. Tulikaa mle baridi mbili zaidi kabla hatujapata pa kwenda.

Kwa Mwenyekiti nilirudi baada ya muda, na vitunguu. Hakuniuliza nimeandika nini. Alivigeuza, akasema hivi si vibaya.

Mara ya mwisho kukaa naye, miaka mingi ilikuwa imepita. Alikuwa amehamishiwa kwenye nyumba za wazee huko Kings Heath, karibu na barabara ya maduka, amepungua mwili mpaka lile koti la kiume likawa linamvaa yeye. Nyonga ilikuwa imefanyiwa upasuaji na haikukubali. Hata kufika jikoni ilibidi ashikwe. Nilikwenda na Saida, aliyekuwa ameshanipita kwa urefu, anayesikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza kitupu. Mwenyekiti alimsemesha, naye akajibu, na wakaelewana hivyo hivyo.

"Nani kawaleta na mvua hii?" akauliza.

"Baba yake. Yuko chini, kwenye gari."

Akamwambia Saida amshushie baba yake maandazi yakiwa bado ya moto, na mlango ulipofungwa akasema, "Nilijua utaandika hapana."

Nikacheka. "Hata mimi nilijua."

Yeye hakucheka. "Mimi niliandika hapana," akasema.

Sikumwelewa. Akaniambia, anatazama dirishani. Kabla hajahamia Lozells, yeye na mumewe walipoachana, mumewe alikuwa anampa baba yake Mwenyekiti pesa za mtoto wao kila Ijumaa. Mzee alikuwa akiishi na Mwenyekiti nyumba moja, na kila zilipofika alikuwa akimwambia. Anamwonesha na kabati alimoziweka. Barua ilipokuja na swali lile lile, akaandika hajapokea. "Mkono wangu haukuzigusa," akasema. "Nilijiambia hivyo. Nilikuwa mweka hesabu, Mama Saida. Nilijua nafanya nini."

"Akalipa tena?"

"Alikatwa mpaka zikaisha."

"Hakuja kukuuliza?"

"Hakuja. Kila Idi alinipigia, akanitakia heri. Mimi najisemea, mwakani nitamwambia. Mwakani." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Nikaja kusikia ameshazikwa."

Nilimtazama yule mama, na sebule yote ile ya Lozells ikanipita mbele ya macho. Wanawake wangapi aliwakalisha pale, na hakuna hata mmoja aliyemwambia andika hivi, wala usiandike hivi. Nilikuwa namwogopa siku zote kwa heshima. Siku ile nilimwogopa zaidi, na nikampenda. Nikamshika goti tu.

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Saida alifungua mlango, na nyuma yake akasimama baba yake, ana maandazi mkononi, mabega yamelowa, anaona haya kuingia. "Nimesema nisiondoke bila kumwamkia mama," akasema. "Shikamoo."

Mwenyekiti akashika mikono ya kiti. Nikadhani anatafuta kikombe. Akajisukuma, akakunja uso kwa maumivu, nikainuka kumsaidia akanisogeza pembeni, akajisukuma tena mpaka akasimama wima mbele ya yule mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa umri wote ule.

"Kaa, mama, usijisumbue," baba Saida akasema, amefadhaika.

"Kaa wewe kwanza," akamwambia, na hakuketi mpaka baba Saida alipoketi.